Bei ya Tarehe Tisa



Pita kwenye saiba yoyote hapa Kitengela jioni ya tarehe 8. Foleni imefika mlangoni. Kijana aliye kwenye kompyuta ana simu mbili: kwa moja anamtafuta tajiri ambaye hajatuma orodha ya wafanyakazi, kwa nyingine anasubiri nywila mpya ya iTax, mfumo wa mamlaka ya mapato (KRA), kwa sababu ya zamani imesahaulika. Kesho yake, tarehe 9, ushuru wa mishahara (PAYE) wa mwezi uliopita unatakiwa uwe umewasilishwa na kulipwa, na pamoja nao michango ya hifadhi ya jamii (NSSF) na ya bima ya afya. Kijana atamaliza saa sita za usiku. Atalipwa pengine shilingi mia tano, na mwenye duka ataondoka akinung'unika kwamba amelanguliwa.

Nataka kuzungumza juu ya hiyo mia tano. Sina ugomvi na udogo wake, maana ziko kazi za mia tano na za chini ya hapo. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyeipigia hesabu. Sisi watunza hesabu tunaoshinda tukiwaambia wenye maduka kwamba biashara bila gharama kuandikwa ni kubahatisha, wengi wetu hatujui saa yetu moja inatugharimu nini. Tunamtazama mteja usoni, tunatazama gari alilokuja nalo, tunataja namba. Akikunja uso, tunaishusha.

Ninachosema leo ni kimoja: mteja mdogo hanunui karatasi kwetu, ananunua tarehe iliyotimizwa bila faini. Kwa hiyo bei ifuate vurugu zinazosimama kati yako na tarehe hiyo. Ukubwa wa duka lake, idadi ya risiti zake na unene wa pochi yake ni vipimo vinavyodanganya.

Kwa nini suala hili limekuwa zito hapa kwetu kuliko zamani? Sensa ya 2009 iliuhesabu mji wa Kitengela watu 58,167. Ile ya 2019 ikakuta 154,436. Watu walikuja na ploti zao, ploti zikataka matofali, matofali yakaleta maduka ya vifaa vya ujenzi, na wajenzi wakataka kula, kutibiwa, kusomesha watoto na kuoga. Leo ukitoka Kitengela kwa barabara ya Namanga hadi Isinya, ukaendelea hadi Kajiado mjini, unapita shule za kibinafsi, bucha, yadi za mbao, maduka ya dawa na visima vyenye maboza ya maji. Wengi wa wenye biashara hizo wameajiri watu wanne, sita, labda kumi. Hawana uwezo wa kumweka mhasibu ofisini. Lakini sheria haiwahurumii kwa udogo wao: mwajiri wa watu sita ana tarehe 9 ileile ya kiwanda cha mamia ya watu pale EPZ ya Athi River. Akichelewesha ritani ya PAYE, faini ni asilimia 25 ya ushuru unaodaiwa au shilingi 10,000, kile kilicho kikubwa zaidi. Kwa kiwanda, 10,000 ni kelele tu. Kwa mwenye bucha ni mbuzi mzima na nusu ya mwingine.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Na hapo ndipo tunapojiumiza.

Tuanze na mishahara, maana ndiyo iliyobadilika sana huku bei zetu zikikaa palepale. Chukueni mfanyakazi wa duka la saruji na mabati, mshahara wake shilingi 30,000. Hadi Januari 2023, ukiacha PAYE, makato yake yalikuwa ya kusoma kwenye jedwali: NSSF 200, bima ya afya ya NHIF 900. Karani aliyajua kichwani. Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifungulia njia Sheria ya NSSF ya 2013 iliyokuwa imekwama kwa miaka, na ile 200 ya mtu wetu ikawa 1,080. Februari 2024 mipaka ikapanda, ikawa 1,800. Katikati ya hayo, Julai 2023, ikaja ada ya nyumba: asilimia 1.5 kwa mfanyakazi, na kiasi kama hicho kwa mwajiri. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema ada hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Mwishoni mwa Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kusimamisha hukumu hiyo, makato yakasita. Machi yakarudi kwa sheria yake yenyewe. Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, SHIF ikaingia kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kisha tarehe 27 Desemba 2024 mpangilio wenyewe wa kukokotoa ukageuzwa: SHIF na ada ya nyumba, ambazo awali zilihesabiwa kwa njia ya nafuu, zikawa zinaondolewa kwenye mshahara kabla ushuru haujakokotolewa.

Tumpigie hesabu mtu wetu kwa kanuni hizo za mwisho. Kutoka 30,000 toa 1,800 za NSSF, 825 za SHIF na 450 za nyumba. Zinabaki 26,925 za kutozwa ushuru. Shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 2,400. Zile 2,925 zilizobaki kwa asilimia 25 ni 731.25. Jumla 3,131.25, ondoa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, PAYE yake ni 731.25. Anakwenda nyumbani na 26,193.75. Tajiri wake naye anaongeza 1,800 za NSSF, 450 za nyumba na 50 za ada ya mafunzo ya NITA, yaani mfanyakazi wa 30,000 anamgharimu 32,300.

Mtaniambia: hesabu hiyo programu inaifanya kwa kufumba na kufumbua. Kweli. Basi kukokotoa si kitu cha kulipisha. Programu haikujua kama Februari 2024 ikate ada ya nyumba au isikate. Kuna mtu alisoma habari za mahakama akaamua. Programu haimjibu dereva anayesimama mlangoni na karatasi yake ya mshahara akiuliza, "Madam, mwezi jana nilipata zaidi, hii imeenda wapi?" Programu haimwambii tajiri kwamba ile karadha aliyompa mfanyakazi, ukiijumlisha na mkopo wa sako na makato ya sheria, imevuka theluthi mbili ya mshahara, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu kumwachia mtu chini ya theluthi moja. Hiyo ndiyo kazi. Katika miaka hiyo miwili ilivimba mwezi baada ya mwezi, na najua wenzangu wengi tu ambao bado wanatoza bei waliyoiweka wakati NSSF ni 200.

Tena, kutoza kwa kichwa peke yake kunapotosha. Tuseme unatoza 300 kwa kila mfanyakazi. Shule yenye walimu 22 inakulipa 6,600. Fundi mkandarasi mwenye watu sita anakulipa 1,800. Sasa tazama kazi yenyewe. Walimu 22 ni walewale Januari hadi Novemba, mishahara ileile, akaunti zilezile za benki. Ukishawaingiza mara moja unabadilisha mwezi tu. Wale sita wa mkandarasi wanabadilika kila baada ya wiki mbili. Mmoja hana PIN ya KRA. Mwingine ana namba ya NSSF iliyosajiliwa kwa jina lililokosewa. Wa tatu tajiri anamwita kibarua, kumbe amekuwapo mfululizo kwa zaidi ya mwezi, na kwa Sheria ya Ajira huyo hahesabiwi tena kibarua wa siku kwa siku, ana haki ya notisi. Nani akuambie? Wewe ndiye unayetakiwa kumwambia tajiri. Hao sita wanakula muda kuliko walimu 22, na bei yako inasema kinyume.

Kwa hiyo mishahara naipendekezea sehemu tatu: kiasi cha msingi cha kufungua faili la mwezi na kulifunga, ambacho hakitegemei watu wangapi, kiasi kidogo kwa kila kichwa, na malipo ya kila badiliko, yaani anayeingia, anayetoka, anayepandishwa mshahara katikati ya mwezi. Sehemu ya tatu ndiyo inayopigiwa kelele na wateja na ndiyo yenye haki kuliko zote, kwa kuwa mteja mwenyewe ndiye anayeshika usukani wake. Akitulia na watu wake, hailipi.

Niongeze jambo la wenyeji wa huku. Mteja mwenye duka Kitengela na yadi ng'ambo, upande wa Mavoko, ana faili mbili hata kama anaamini ana moja. Amri ya mishahara ya kima cha chini hugawanya nchi kwa safu, na Mavoko imetajwa kwa jina katika safu iliyo juu ya ile ya "maeneo mengine". Tena ni kaunti nyingine, Machakos, na leseni ya biashara ni nyingine. Muulize mteja wafanyakazi wake wanasimama wapi kabla hujataja bei.

Sasa vitabu. Hapa mniruhusu niende polepole, kwa sababu ndipo pesa zetu nyingi zinapomwagika.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anakuletea mfuko wa plastiki wenye risiti, na taarifa ya M-Pesa ya mwezi. Risiti zilizokaa kwenye dashibodi ya pikapu kwa wiki tatu za jua la Kitengela zimefifia. Unazielekeza dirishani kusoma kama ni 3,800 au 8,800. Hilo ni dogo. Vita vyenyewe viko kwenye ile taarifa ya M-Pesa. Mstari wa kwanza: 4,500 zimeingia. Mauzo ya misumari na rangi, sawa. Wa pili: 1,200 kutoka kwa mtu, kumbe ni jirani anayerudisha deni la gesi. Wa tatu: 18,000 zimetoka kwenda namba ya shule, karo ya mtoto. Wa nne: 3,000 za chama. Wa tano: 27,000 zimeingia, ng'ombe aliyeuzwa Bissil, mali ya familia, hana uhusiano na duka. Wa sita: 6,500 kwa dereva wa lori la kokoto, gharama halali kabisa ya biashara, ila hakuna ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA.

Mistari sita, simu nne. Taarifa ya mwezi ina mamia ya mistari kama hiyo. Na kila simu mteja anaipokea akiwa anahudumia mtu kaunta, anakwambia, "Nitakuambia jioni," na jioni haiji.

Ule mstari wa sita ndio ulioongeza gharama ya vitabu kuliko kitu kingine chochote katika miaka hii. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria, haitambuliwi na KRA unapokokotoa faida. Kwa mwenye kulipa ushuru wa mauzo, ule wa asilimia 3 ya mapato ghafi kwa biashara za kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, gharama hazimsaidii hata hivyo. Lakini kwa aliye katika ushuru wa kawaida wa mapato, kokoto ya 6,500 bila ankara ni faida ya kubuni ya 6,500 anayotozwa ushuru. Sheria imeshafungua njia ya mnunuzi kumtolea ankara muuzaji mdogo kwa niaba yake. Njia nzuri. Nani anaifuata, anamtafuta dereva wa lori, anamwomba PIN yake, anamwelewesha kwamba hakuna anayemchongea kwa KRA? Mtunza hesabu. Kwa bei ipi? Ileile ya 2022.

Na kabla sijasahau: wangapi kati yetu tunamtolea mteja ankara ya eTIMS kwa ada yetu wenyewe? Tunamsumbua mtu wa kokoto, halafu sisi tunapokea malipo kwa simu na kutuma ujumbe wa "asante boss". Mteja hawezi kuidai ada hiyo kama gharama. Ni aibu, tuiache hapo.

Basi tupige hesabu ya bei. Nitatumia ofisi ya mfano, ya watu wawili, juu ya duka mahali fulani mjini. Pango, umeme, intaneti, programu, karatasi na mshahara wa msaidizi: tuseme 90,000 kwa mwezi. Mwenye ofisi anataka kujilipa 60,000. Jumla 150,000. Watu wawili kwa saa 160 kila mmoja ni saa 320. Msigawanye hapo! Toeni saa za kungoja mfumo uliolala, za kusoma sheria mpya, za kudai madeni, za kuzungumza na watu ambao hawatakuwa wateja, za ritani za ofisi yenyewe. Ukipata saa 190 za kulipisha umefanya vizuri. Gawanya 150,000 kwa 190, ni kama 790 kwa saa. Weka akiba ya wateja watakaotoroka na kompyuta itakayokufa, sema 1,000 kwa saa. Ofisi yako itakuwa na namba yake. Bissil pango ni tofauti na la Kitengela, na anayefanyia nyumbani hana pango ila ana watoto wanaomkatiza. Muhimu ni kwamba namba iwepo.

Duka letu la vifaa vya ujenzi, lenye wafanyakazi saba na lililoandikishwa kwa VAT: mishahara saa 3, VAT na eTIMS saa 2, vitabu saa 8, kutafuta maelezo kwa simu saa 3. Saa 16, shilingi 16,000 kwa mwezi. Unamwambia. Anacheka.

"Kijana wangu, kuna mtu pale chini ananifanyia kwa elfu tano."

Hapa wengi tunasema, "Basi mzee, leta saba." Tumekubali saa 16 kwa bei ya saa 7, na kazi itajilipa yenyewe kwa njia yake: tutaacha kupiga zile simu, tutabandika ng'ombe wa Bissil kwenye mauzo, karo kwenye gharama, na siku KRA wanauliza hatutakuwa na la kujibu. Bei ya chini haimpunguzii mteja chochote. Inamhamishia gharama hadi siku ya ukaguzi.

Jibu langu ni kupunguza kazi, na bei iifuate. "Mzee, elfu saba inawezekana. Fungua namba ya tili ya duka peke yake, pesa ya nyumbani ipite kwenye simu yako. Msichana wa kaunta aandike mauzo ya kila siku kwenye daftari nitakalompa. Ankara za wasambazaji niletewe kila Jumamosi, na dereva asiye na PIN umwambie mwenyewe. Orodha ya mishahara ifike tarehe 28." Akifanya hivyo, saa 16 zinakuwa 7, na elfu saba ni bei halali. Asipofanya, barua ya makubaliano inasema kazi ya ziada inatozwa kwa saa, na nyaraka zinazofika baada ya tarehe 3 zinaongezewa ada. Nimewaona wateja wabishi kabisa wakinyooka mwezi wa pili, baada ya kuona ankara mbili tofauti za kazi ileile.

Malimbikizo ya zamani ni habari nyingine. Anayekuja na miaka miwili ya ritani ambazo hazikujazwa, usimmezee ndani ya ada ya mwezi. Hiyo ni kazi yake peke yake, bei yake peke yake, na nusu ilipwe kabla hujafungua mfuko. Maneno mengi hapa ni ya bure.

Sasa nijibu pendekezo ambalo hurudi kila tunapokutana: kwamba sisi watunza hesabu wa Kitengela, Isinya na Kajiado tukae pamoja tukubaliane bei ya chini, atakayeshuka chini yake tumtenge. Mawakili wana yao, mnasema. Ni kweli, mawakili wana Amri ya Malipo ya Mawakili, iliyofanyiwa marekebisho 2014, na wakili anayetoza chini ya kiwango anavunja kanuni. Lakini ile ni amri yenye nguvu ya sheria, chini ya Sheria ya Mawakili. Sisi kukaa hotelini na kupatana bei ni kitu kingine kabisa: Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza washindani kupanga bei kwa pamoja, hata kama nia yao ni nzuri, na hata chama cha wataalamu kinachotaka kanuni ya namna hiyo kinapaswa kwanza kuomba ruhusa ya Mamlaka ya Ushindani. Kwa hiyo tuwekeane mikutano ya kufundishana namna ya kukokotoa gharama, kama huu wa leo. Namba zenyewe kila mmoja arudi nazo ofisini kwake. Na niseme wazi kwamba hata kama ingeruhusiwa nisingeipenda. Bei moja kwa shule ya walimu 22 na kwa mkandarasi wa vibarua sita ingekuwa uonevu kwa mmoja wao.

Kuna bei nyingine inayovutia na ambayo naipinga kabisa: asilimia. "Niokolee ushuru, tutagawana." Mara unapolipwa kwa kipimo cha ushuru uliopungua, umekuwa mbia katika kupika hesabu. Mteja huyohuyo atarudi Aprili akitaka vitabu vingine, vyenye faida nono, vya kupeleka sako apate mkopo. Atakuwa na seti mbili, na zote zina mwandiko wako. Mkatae. Kama anataka umpunguzie ushuru kihalali, mtoze saa za ushauri, na saa hizo ziwe ghali kuliko za kuandika daftari, maana hapo unauza ulichosomea miaka ile yote ya mitihani ya KASNEB.

La jirani na hilo: pesa za ushuru kupita kwenye simu yako. Mteja anakutumia 23,000, "nilipie PAYE na hiyo mingine, chako utoe humo." Ni rahisi, ni desturi, na ni hatari. Siku ukilazwa hospitali tarehe 8, ile pesa imelala nawe. Tengeneza namba ya malipo ya KRA, mtumie mteja, alipe kutoka kwenye tili yake. Ada yako ije kwa ankara yako. Na ikiwa ada hiyo inafika 24,000 kwa mwezi au zaidi, mteja anapaswa kukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa. Ipange kwenye bei mapema, na umdai cheti chake, usije ukadhani umedhulumiwa. Mauzo yako ya mwaka yakikaribia milioni 5, anza pia kufikiria VAT yako mwenyewe, asilimia 16, kwa sababu mteja asiyeandikishwa kwa VAT hawezi kuidai tena na kwake ni nyongeza tupu.

Nimalizie na msimu, jambo ambalo vitabu vya Nairobi havilioni. Kajiado haiingizi pesa sawasawa mwaka mzima. Shule inaona pesa wakati wa kufungua muhula, kisha inakauka. Muuza mifugo aliyepitia ukame ulioisha 2023 anajua mwaka mzima unaweza kupita bila kuuza kitu cha maana. Wako waliolielewa hili kabla yetu. Mwaka 2000 ulipoanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa nyanda za Kitengela wasiweke uzio, ili wanyama wa Mbuga ya Nairobi wapate njia, kiwango kilikuwa kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka, na malipo yaligawanywa mara tatu yakafuata kufunguliwa kwa shule. Hawakubadilisha kiwango, walibadilisha siku. Nasi tufanye hivyo: ada ya mwaka ikokotolewe kwa saa, kisha mwenye shule alipe mara tatu, Januari, Mei na Agosti, kabla ya kazi ya muhula. Mwenye duka alipe kila mwezi. Muuza mifugo mpatane naye kwa misimu yake, ila sehemu ya mishahara isikopeshwe, kwa kuwa tarehe 9 haina msimu.

Yote haya yaandikwe. Barua ya kurasa mbili inatosha: kazi gani, tarehe gani nyaraka zifike, bei gani, faini ni ya nani. Kuhusu faini msimamo wangu ni huu: nyaraka zikifika kwa wakati na mimi nikachelewa, nalipa mimi, zikichelewa, unalipa wewe. Mtunza hesabu asiyethubutu kuandika sehemu ya kwanza hana haki ya kudai sehemu ya pili.

Na iandikwe pia mteja akiondoka itakuwaje, maana ataondoka, atapata wa elfu tano. Nywila ya iTax ni yake, barua pepe iliyosajiliwa KRA iwe yake tangu mwanzo, siyo yako. Daftari, risiti na ankara ni mali yake, na sheria inamtaka azitunze miaka mitano. Usizishikilie kama rehani hata kama ana deni lako la miezi mitatu. Unachoweza kushikilia ni kazi ambayo hujaikabidhi na hajailipia. Deni lenyewe lidai kwa barua, kisha kwa Mahakama ya Madai Madogo, na mwezi unaofuata mteja mwingine alipe kabla ya tarehe 1.